Babu Mmoja, Tarehe Tatu: Mwongozo Kamili wa Kutatua Tarehe Zinazogongana kwa Wahamiaji Waliotoka Uswisi

Maswali yanayonifikia kuhusu mababu wa Kiswisi yanafanana sana. Mtu mwenye asili ya Afrika Mashariki anaishi Ohio, Pennsylvania au Wisconsin, ameoa au ameolewa katika ukoo wenye asili ya Uswisi, na sasa anawaandalia watoto nasaba ya pande zote mbili. Upande wa Tanga au Bujumbura anauliza wazee. Upande wa Uswisi anaingia mtandaoni, anapata nyaraka nyingi kwa jioni moja, kisha anakwama: jiwe la kaburi linasema hivi, sensa inasema vile, na kitabu cha ubatizo kina lake.

Hapo wengi huchagua tarehe iliyojitokeza mara nyingi zaidi, au huchukua ile iliyo katikati. Njia zote mbili zinapotosha. Tarehe hazipigiwi kura. Kila tarehe ni jibu la mtu fulani kwa swali fulani, na ukishajua aliulizwa nani na aliulizwa nini, sehemu kubwa ya migongano huisha yenyewe.

Fuata hatua hizi kwa mpangilio wake. Kila hatua inaondoa aina moja ya mgongano, na ukiruka moja utaibeba taka yake hadi mwisho.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Picha ya kila waraka wenyewe. Faharasa ya mtandaoni au nakala iliyochapwa na mtu mwingine haitoshi. Vitabu vya makanisa vya kantoni (jimbo la Uswisi) ya Bern vimewekwa mtandaoni bure na hifadhi ya nyaraka ya kantoni, na tovuti ya nasaba ya FamilySearch ina picha nyingi za kantoni nyingine.
- Jina la Heimatort. Hii ni manispaa ambayo ukoo una uraia wake. Mswisi huurithi uraia huo hata kama yeye, baba yake na babu yake hawakuwahi kulala huko usiku mmoja. Hadi leo pasipoti ya Uswisi huandika Heimatort, haiandiki mahali pa kuzaliwa. Kama huijui, tafuta jina la ukoo katika hifadhidata ya majina iliyo kwenye tovuti ya Kamusi ya Kihistoria ya Uswisi. Inaonyesha manispaa ambako ukoo ulikuwa na uraia mwaka 1962, na mara nyingi inaonyesha pia ulipata uraia huo lini.
- Jedwali, la karatasi au la kompyuta, lenye safu sita nitakazozieleza katika hatua ya kwanza.
- Kikokotoo cha kalenda kinachobadilisha tarehe za kalenda ya Juliasi (ile ya zamani), ya Gregori (tunayoitumia leo) na ya Mapinduzi ya Ufaransa, na kinachotaja siku ya wiki. Vipo vingi vya bure.
- Karatasi ya herufi za Kurrent, mwandiko wa zamani wa Kijerumani. Chapisha, weka mezani.

## Hatua ya 1: Andika tarehe kama ilivyo, herufi kwa herufi

Safu sita za jedwali ni hizi: tukio, tarehe kama ilivyoandikwa, nani aliandika, nani alimpa habari, iliandikwa lini, na wapi.

Usibadilishe chochote katika safu ya pili. Kama waraka unasema "4.7.1862", andika "4.7.1862". Mchungaji wa Uswisi alimaanisha tarehe 4 Julai. Karani wa Marekani akiikuta atasoma Aprili 7, na faharasa aliyoitengeneza itaisambaza Aprili 7 kwenye kila mti wa ukoo unaoinakili. Ukiwa na picha ya asili na ukaandika ilivyo, mgongano wa namna hii unauona palepale.

Safu ya nne na ya tano ndizo watu huziacha tupu. Usiziache. Huko mbele ndizo zitakazoamua kesi.

Umefaulu hapa ukiwa na mstari mmoja kwa kila tarehe, hata zile unazodhani ni upuuzi.

## Hatua ya 2: Uliza hii ni tarehe ya tukio gani

Vitabu vingi vya zamani vya Uswisi viliandika ubatizo tu, bila siku ya kuzaliwa. Usajili wa serikali kwa nchi nzima ulianza tarehe 1 Januari 1876. Kabla ya hapo, karibu kila unachokipata kimetoka kwa mchungaji au padri. Sasa faharasa inachukua tarehe ya ubatizo na kuiweka chini ya neno "kuzaliwa". Ukoo wenyewe, kwenye Biblia ya nyumbani, uliandika siku halisi ya kuzaliwa. Tarehe mbili, na zote za kweli.

Maneno ya kuyatafuta kwenye picha:

- Kuzaliwa: *geboren*, *natus*, *né*
- Kubatizwa: *getauft*, *baptizatus*, *baptisé*
- Kufunga ndoa: *kopuliert* au *copuliert*, *copulati*, *marié*
- Kufa: *gestorben*, *obiit*, *décédé*
- Kuzikwa: *begraben*, *sepultus*, *enseveli*

Kwa Wakatoliki, mtoto mara nyingi alibatizwa siku aliyozaliwa au kesho yake, kwa hofu ya kufa bila ubatizo. Kwa Waprotestanti siku kadhaa zingeweza kupita, na ubatizo mwingi ulisubiri Jumapili. Basi tofauti ya siku chache, huku ubatizo ukiwa nyuma ya kuzaliwa, haina haja ya kutatuliwa. Iandike kama matukio mawili na uendelee.

Ndoa inachanganya zaidi. Matangazo ya ndoa yalisomwa kanisani kabla ya siku yenyewe, mara nyingine katika makanisa mawili. Ndoa ikafungwa katika kanisa la tatu. Kisha habari ikapelekwa kwenye Heimatort ya bwana harusi na kuandikwa huko pia, wakati mwingine kwa tarehe ambayo barua ilifika. Ukikuta ndoa moja ina tarehe tatu zilizoachana kwa wiki kadhaa, soma kila ingizo zima hadi mwisho kabla ya kusema kuna kosa.

Na "mwaka wa kuhama" ni jina la matukio matatu tofauti: mwaka aliopata ruhusa na kulipa kodi ya kuondoka, mwaka alioondoka kijijini, na mwaka aliofika Amerika. Orodha za wahamiaji ambazo serikali ya Zürich iliwaagiza wachungaji waziandike, zinazohusu miaka ya 1734 hadi 1744, zinazungumzia kuondoka. Orodha za bandari ya Philadelphia zinazungumzia kufika.

## Hatua ya 3: Hakikisha ni mtu mmoja

Hapa ndipo miti mingi huvunjika. Naomba utumie muda mwingi zaidi hapa kuliko mahali pengine popote.

Familia za Kiswisi zilirudia majina bila kuchoka. Mtoto Johannes akifa akiwa mchanga, mvulana aliyefuata aliweza kuitwa Johannes. Kwa hiyo unakuta ubatizo wa Johannes mwaka 1801 na mwingine mwaka 1803, baba yule yule, mama yule yule. Msomaji mwenye haraka huona "tarehe mbili za mtu mmoja", kumbe ni watoto wawili, na wa kwanza hakuishi hata kuvuka kijito cha kijijini kwao, sembuse Atlantiki.

Fanya hivi:

1. Kwa kila ubatizo unaofanana na babu yako, pitia kitabu cha vifo cha kanisa lile lile kuanzia siku ya ubatizo hadi mwaka anaoonekana Amerika.
2. Angalia pembezoni mwa ingizo la ubatizo. Wachungaji wengi waliweka msalaba mdogo pembeni ya jina la mtoto aliyekufa.
3. Orodhesha watoto wote wa wazazi hao, kwa miaka 25 hivi. Pengo la miaka minne kati ya watoto ni dalili ya kitabu kilichopotea au familia iliyohamia kijiji cha jirani.
4. Linganisha wasimamizi wa ubatizo, jina la kitongoji na kazi ya baba. Vijiji vingi vilikuwa na akina Hans wawili au watatu wa ukoo mmoja, binamu kwa binamu, na mambo haya matatu ndiyo yanayowatenganisha.

Kumbuka pia kwamba Hans ni Johannes, na kwamba aliyebatizwa Johann Jakob anaweza kuitwa Jakob maisha yake yote, kisha Jacob huko Amerika.

Tahadhari: usihukumu kwa jina la kantoni. Karatasi ya Marekani ikisema "Bern" inaweza kuwa mji, kantoni, au hata New Bern ya North Carolina, iliyoanzishwa mwaka 1710 na Christoph von Graffenried. Ukianza na kanisa lisilo sahihi, utapata mtu mwenye jina sahihi na tarehe inayokaribia. Huo ndio mtego mbaya kuliko yote, kwa sababu unaridhisha.

Umefaulu ukiweza kusema kila mtoto wa jina hilo katika kijiji hicho aliishia wapi: huyu alizikwa, huyu alioa na kubaki, huyu hana habari tena baada ya mwaka fulani. Babu yako ni mmoja wa wale wasio na habari tena.

## Hatua ya 4: Soma upya mwandiko

Rudi kwenye picha ukiwa na karatasi ya Kurrent. Tarakimu zinazodanganya ni 1 na 7, 4 na 9, 3 na 5. Usikisie kwa kutazama tarehe moja. Tafuta ukurasa ambapo mwandishi yule yule ameandika mwaka unaoujua, ujifunze 7 yake ilivyo.

Majina ya miezi yana hila zake. *Jenner* ni Januari, na wasiojua huisoma Juni. *Hornung* ni Februari. *Brachmonat* ni Juni, *Heumonat* ni Julai, *Herbstmonat* ni Septemba, *Weinmonat* ni Oktoba, *Christmonat* ni Desemba.

Halafu kuna vifupisho vilivyowapotosha watu wengi kuliko vyote: 7ber, 8ber, 9ber na Xber. Maana zake ni Septemba, Oktoba, Novemba na Desemba, kwa sababu zinafuata majina ya Kilatini ya saba, nane, tisa na kumi. Faharasa nyingi zimesoma 7ber kuwa Julai na 8ber kuwa Agosti. Tarehe mbili zikitofautiana kwa miezi miwili kamili, siku ikiwa ile ile, shuku hili kwanza.

Wengine waliandika siku kwa sikukuu: Lichtmess ni 2 Februari, Johannis ni 24 Juni, Verena ni 1 Septemba, Michaeli ni 29 Septemba, Gallus ni 16 Oktoba, Martini ni 11 Novemba. Pasaka na Pentekoste huhama, kwa hiyo zitafute kwa mwaka husika na kwa kalenda iliyotumika mahali hapo.

Siku ya wiki ni mlinzi mzuri. Kama ingizo linasema Jumapili na kikokotoo kinakupa Jumatano, umesoma vibaya au umetumia kalenda isiyo sahihi.

## Hatua ya 5: Tambua kalenda iliyotumika mahali hapo, mwaka huo

Kama tarehe zako zote ni za baada ya 1815, pitia hatua hii harakaharaka. Kama ukoo wako ulihama karne ya 18, kaa hapa.

Uswisi haikubadilisha kalenda kwa siku moja. Kantoni za Kikatoliki kama Luzern, Uri, Schwyz, Zug, Fribourg na Solothurn zilianza kutumia kalenda ya Gregori mwezi Januari 1584. Kantoni kubwa za Kiprotestanti, zikiwemo Zürich, Bern, Basel, Schaffhausen na Geneva, zilisubiri zaidi ya karne nzima: tarehe 31 Desemba 1700 ilifuatwa na 12 Januari 1701. Mji wa St. Gallen ulikuja mwaka 1724. Appenzell Ausserrhoden ilichelewa zaidi, na huko Urnäsch mkesha wa mwaka mpya wa zamani bado unasherehekewa tarehe 13 Januari. Baadhi ya vijiji vya Kiprotestanti vya Graubünden vilifika mwanzoni mwa karne ya 19 ndipo vikakubali.

Maana yake ni kwamba vijiji viwili vinavyotazamana bonde moja, kimoja cha Kikatoliki na kingine cha Kiprotestanti, viliweza kuandika tukio moja kwa tarehe mbili. Tofauti ni siku 10 hadi Februari 1700, siku 11 kutoka hapo hadi Februari 1800, na siku 12 katika karne ya 19.

Amerika ya Waingereza ilikuwa na kalenda yake. Pennsylvania na makoloni mengine yalitumia ile ya Juliasi hadi 2 Septemba 1752, na kesho yake ikawa 14 Septemba. Zaidi ya hapo, hadi mwaka 1751 mwaka wao wa kiserikali ulianza 25 Machi. Hivyo Februari 1741 ya mahakama ya Pennsylvania ndiyo Februari 1742 ya Zürich.

Angalia inavyotokea. Tuseme kitabu cha kanisa la walowezi wa Kijerumani na Kiswisi, kinachofuata kalenda mpya waliyotoka nayo kwao, kinaonyesha mazishi tarehe 20 Februari 1742. Karatasi ya serikali ya koloni inasema 9 Februari 1741. Mtu atasema hizi zimeachana kwa mwaka mzima. Ni siku ile ile. Ukiona waandishi wameandika "1741/42", walikuwa wanakuonyesha jambo hili hili, na usifute mkwaju huo.

Waquaker wa Pennsylvania, dhehebu la Kikristo, walihesabu miezi kwa namba, na kabla ya 1752 mwezi wao wa kwanza ulikuwa Machi.

Kalenda ya Mapinduzi ya Ufaransa inawahusu waliotoka Geneva, iliyochukuliwa na Ufaransa mwaka 1798, na eneo la Jura, ambalo sehemu ya kaskazini ilichukuliwa mwaka 1793 na ya kusini mwaka 1797. Huko utakuta tarehe kama 1 Brumaire mwaka wa 12, yaani 24 Oktoba 1803. Kalenda hiyo ilikoma mwanzo wa mwaka 1806. Geuza kwa kikokotoo, usihesabu kichwani.

Tahadhari: usigeuze tarehe mara mbili. Watafiti wa zamani wengine walishageuza kabla ya kuchapisha. Ndiyo maana nilisisitiza picha ya asili.

Umefaulu ukiwa na safu mpya yenye kila tarehe katika kalenda ya Gregori, pembeni ya ile ya asili, na umeandika umeongeza siku ngapi na kwa nini.

## Hatua ya 6: Geuza umri kuwa dirisha la tarehe

Sensa na mawe ya kaburi hayatoi tarehe ya kuzaliwa. Yanatoa umri, na umri ni dirisha.

Sensa za Marekani za 1850 hadi 1900 ziliuliza umri wa mtu kufikia 1 Juni, hata kama karani alifika nyumbani Agosti. Mwaka 1910 ilikuwa 15 Aprili, mwaka 1920 ilikuwa 1 Januari, na kuanzia 1930 ni 1 Aprili. Mtu aliyeandikwa miaka 14 katika sensa ya 1860 alizaliwa kati ya 2 Juni 1845 na 1 Juni 1846. Ukitoa tu 14 kwenye 1860 unapata 1846, kisha unaanza kugombana na kitabu cha ubatizo kinachosema Novemba 1845, bila sababu yoyote. Sensa ya 1900 ni ya thamani kubwa kwa kuwa iliuliza mwezi na mwaka wa kuzaliwa pamoja na mwaka wa kuhamia. Ile ya 1890 karibu yote ilipotea kufuatia moto wa mwaka 1921.

Jiwe la kaburi linahitaji uangalifu wa namna nyingine. Tuseme jiwe linasema alikufa 3 Machi 1871 akiwa na miaka 67, miezi 4 na siku 12. Ukitoa miaka kwanza, kisha miezi, kisha siku, unapata 22 Oktoba 1803. Ukitoa siku kwanza, kisha miezi, kisha miaka, unapata 19 Oktoba 1803. Ukihesabu kila mwezi kuwa wa siku 30, unapata 21 Oktoba. Hujui aliyechonga, au aliyemwelekeza, alitumia njia ipi. Basi andika "kati ya 19 na 22 Oktoba 1803" na usiende mbele zaidi ya hapo.

Sasa chukua kitabu cha ubatizo. Kama kina ubatizo wa tarehe 23 Oktoba 1803, kikokotoo kitakuambia ilikuwa Jumapili. Jiwe na kitabu vimekubaliana, ingawa hakuna tarehe hata moja inayofanana.

## Hatua ya 7: Pima mashahidi waliobaki

Tarehe zinazogongana baada ya hatua zote hizo zinagongana kweli. Hapo rudi kwenye safu ya nne na ya tano: nani alisema, na ilikuwa muda gani baada ya tukio.

Ingizo la ubatizo lililoandikwa wiki ile ile na mchungaji aliyemshika mtoto lina nguvu kuliko kila kitu. Cheti cha kifo cha Marekani ni shahidi mzuri wa siku ya kufa na dhaifu wa siku ya kuzaliwa, maana aliyetoa habari ni mwana au mkwe aliyekuwa akikumbuka aliyoyasikia. Sensa ni dhaifu zaidi: kabla ya ile ya 1940, iliyoweka alama kwa aliyejibu, huwezi kujua kama alijibu mama mwenye nyumba au jirani.

Biblia ya ukoo inaheshimika, lakini fungua ukurasa wa kwanza uone ilichapwa lini. Kama ilichapwa 1850 na kuzaliwa kwa 1803 kumeandikwa kwa wino ule ule na mkono ule ule wa kuzaliwa kwa 1848, basi mambo ya zamani yalinakiliwa au yalikumbukwa.

Sajili za raia za Heimatort zinaunganisha familia nzima kwenye ukurasa mmoja, na kwa hilo hazina mfano. Ila nyingi zilikusanywa kutoka kwenye vitabu vya zamani zaidi, na habari za waliohama ziliweza kuja kwa barua. Zitumie kukuongoza kwenye kitabu cha kwanza, kisha amini kitabu cha kwanza.

Jiulize pia kama mtu alikuwa na faida katika tarehe hiyo. Philadelphia, wanaume wa miaka 16 na zaidi ndio waliotakiwa kula kiapo cha utii wanapowasili kuanzia mwaka 1727. Nauli ya watoto melini ilikuwa ndogo. Aliyeomba uraia wa Marekani alitakiwa awe ameishi nchini miaka mitano, na baadhi ya kumbukumbu za kuwasili zilirefuka kidogo mbele ya karani. Na wanandoa waliopata mtoto mapema waliweza kurudisha nyuma tarehe ya ndoa kwenye Biblia yao. Sisemi hivi kuwadharau, walikuwa watu.

Miti ya ukoo ya mtandaoni kumi iliyonakiliana ni shahidi mmoja, na huenda huyo mmoja hakuwahi kuona kitabu.

## Hatua ya 8: Jaribu tarehe kwenye ratiba ya maisha yake

Panga kila kitu alichofanya babu huyu kwa mfuatano, pamoja na mahali. Mtu hawezi kuwa sehemu mbili.

Wahamiaji wa karne ya 18 kwa kawaida waliondoka Uswisi majira ya kuchipua, wakashuka mto Rhine, wakafika Philadelphia mwisho wa kiangazi au vuli. Kama unadhani alifika Septemba 1738, hawezi kuwa amesimama kuwa msimamizi wa ubatizo Zürich mwezi huo huo. Kwa karne ya 19 una msaada mzuri wa makundi. Wanakijiji 193 wa kantoni ya Glarus waliondoka 16 Aprili 1845 na kundi lao likaanzisha New Glarus, Wisconsin, mwaka huo huo. Mtu anayesemekana alikuwamo lakini ana mtoto aliyebatizwa Glarus mwaka 1847, akiwa baba aliyehudhuria, hakuwa kwenye kundi hilo.

Waswisi wengi wa karne hiyo walipandia meli Le Havre, ambako orodha nyingi za abiria hazikudumu, kwa hiyo tegemea upande wa kufikia: orodha za bandari za Marekani zilianza mwaka 1820. Waliopitia Hamburg wana bahati, kwani orodha za huko kuanzia 1850 zipo.

Umri nao ujaribiwe. Kipaimara kwa Waprotestanti kilikuja mtu akiwa na miaka 16 hivi. Tarehe ya kuzaliwa inayomfanya apate kipaimara akiwa na miaka 11, au mama azae akiwa na miaka 52, ina mtu mwingine ndani yake. Rudi hatua ya 3.

## Hatua ya 9: Andika uamuzi wako kwa maneno

Usijaze tu kisanduku cha tarehe. Andika aya fupi, ya namna hii:

"Alizaliwa kati ya 19 na 22 Oktoba 1803, kwa hesabu ya umri ulio kwenye jiwe la kaburi. Alibatizwa Jumapili 23 Oktoba 1803. Tangazo la gazetini la kifo cha mwanawe linataja mwaka 1805 kwa baba. Nimeliacha kwa sababu mtoa habari alikuwa mjukuu na liliandikwa zaidi ya miaka 40 baada ya babu kufa. Ndugu mwenye jina hilo hilo, aliyebatizwa 1801, alizikwa 1802."

Tarehe zilizoshindwa zibaki kwenye jedwali pamoja na sababu. Mjukuu wako atakapoikuta ile 1805 ataona ulishaiona, na ulifikiri nini.

Kama mbili zimebaki sawa kwa nguvu, andika zote mbili, weka neno "haijaamuliwa", na utaje waraka unaoweza kuamua: kitabu cha vifo cha usharika wa jirani, faili la uraia la mahakama ya wilaya, sajili ya raia ya Heimatort. Manispaa na hifadhi za kantoni hujibu barua pepe zilizoandikwa kwa Kijerumani au Kifaransa chepesi, mradi utaje jina kamili, Heimatort na miaka unayoitafuta. Ombi la "kila kitu kuhusu ukoo wetu" hukaa muda mrefu bila jibu. Uliza pia ada kabla hawajaanza kutafuta. Jibu likija, liingize kwenye jedwali kwa safu zote sita, kisha anza tena kutoka hatua ya 2.